Jumamosi ya Madeleine
Sikupanga kuangalia Tour de France ya wanawake, zile mbio za baiskeli za siku kadhaa, siku ile, Agosti 2, 2025. Nilikuwa napiga pasi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Mara Mfaransa Pauline Ferrand-Prévot akachomoka kwenye mlima wa Madeleine, kule Ufaransa, akamaliza peke yake. Nikasahau pasi.

Huyu dada alikuwa bingwa wa dunia wa barabarani 2014. Mwaka 2015 akaongeza saiklokrosi (zile mbio za matopeni, unashuka unabeba baiskeli begani) na baiskeli za milimani. Mataji matatu kwa wakati mmoja, jamani! Dhahabu ya Olimpiki ikaja Paris 2024, ndipo akarudi barabarani. Na kesho yake baada ya Madeleine akashinda tena, mjini Châtel, ndani ya jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio.

Shati langu la kazini lina alama ya pasi mgongoni. Nalivalia koti.