Siku moja na "fundi wa maji" wa Mombasa Road

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko steji ya Donholm na begi lenye spana, glavu, mita ya chumvi na chupa za sampuli. Makanga analitaka begi lilipe nauli yake. Tunaelewana njiani.

Saa moja na robo, geti la kiwanda kidogo cha maji ya chupa. Askari anapiga simu ndani: "Fundi wa maji amefika." Nilisomea uhandisi wa kemikali Eldoret, na kazi yangu ni membreni, ule utando unaoyaachia maji yapite na kuizuia chumvi pale unaposukumiwa maji kwa presha kubwa. Sibishani na askari. Hata mtaani kwetu, bomba la jikoni likipasuka, mlango unaogongwa ni wangu.

Kazi hii ipo kwa sababu maji ya bwawa la Ndakaini hayatoshi jiji la Nairobi. Mwenye uwezo anachimba kisima, na visima vingi vya huku vimejaa floraidi, ile inayoyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima hiki kina 6. Kuchemsha hakuiondoi.

Saa mbili nasoma geji. Presha imepanda, maji safi yamepungua, chumvi ndani yake imeongezeka. Filta za mchanga na kaboni ziko sawa, na hakuna klorini inayopenya. Ingepenya ingeshaula utando. Halafu naiona vali ya maji ya kutupwa, yale yanayobaki na chumvi iliyozuiwa. Imebanwa karibu ifungwe kabisa.

"Niliibana mimi," anasema mwenye kiwanda. "Kisima nimechimba mimi, stima nalipa mimi, halafu mnanimwagia maji mtaroni?"

Huyu mzee huniita Injinia tukiwa sawa, na kijana akikasirika. Leo nimekuwa kijana mapema.

Namwandikia hesabu nyuma ya risiti. Zikiingia lita 100, mtambo huu umepangwa utoe 75 safi, na 25 ziondoke na karibu chumvi yote. Hizo 25 zina chumvi mara nne ya kisima. Ukibana zibaki 10, ni mara kumi. Hapo haiwezi kuendelea kuyeyuka, na silika, madini yanayotoka kwenye mawe yetu ya volkano, inaganda kwenye utando kama ukoko wa sufuria. Anaitazama karatasi, ananitazama mimi. "Binamu yangu Kitengela ana mashine haitupi hata tone." Binamu huyu nimeshamsikia kwa wateja wengi. Mashine yake sijawahi kuonyeshwa.

Nafungua bomba la presha. Tunavuta membreni moja baada ya nyingine, kila moja inchi 8 kwa upenyo na 40 kwa urefu, zinachuruzika maji hadi kwenye viatu. Naazima mizani ya stoo. Za mwanzo uzito wake ni wa kawaida. Mbili za mwisho, zinazokutana na maji yenye chumvi kali zaidi, zimezidi kwa kilo kadhaa. Hizo kilo ni mawe, mzee. Hajibu.

Saa tano lori la mteja wake linaingia. Sasa anataka tuchanganye "kidogo tu" ya kisima ili chupa zijae. Namwambia chupa ikiwa na robo tu ya maji ya kisima, floraidi imeshafika 1.5, na ile kidogo inayobaki kwenye maji safi inaivusha juu ya kiwango. Anasema mimi si daktari. Namwambia jina kwenye lebo ni lake, lakini ripoti ya leo naitia sahihi mimi, na nitaandika nilichokiona. Tunazunguka hapo hapo mpaka dereva wa lori anazima injini na kwenda kula. Mimi bado sijala.

Stima inapotea tukiwa tumeanza kuosha. Jenereta haina dizeli. Asidi ya sitriki ingeondoa chokaa, lakini silika haiigusi, kwa hiyo natumia alkali, kinyume cha asidi, kali hadi pH 12, yenye joto la nyuzi 35, na joto lenyewe linashuka huku nikiangalia. Stima inarudi, tunapasha upya, tunazungusha, tunaloweka, tunazungusha tena. Mgongo unauma. Chapati na maharagwe nimezila nimesimama, sijui saa ngapi.

Giza limeingia maji safi yanapoanza kutoka kwa kasi inayoeleweka, chumvi chini. Vali nimeiweka mahali pake na kuifunga kwa waya. Maji ya kutupwa nimependekeza yaende kwenye tangi la kusafishia vyoo na kuoshea malori. Zile membreni mbili hazijapona. Namtumia bei ya mpya nikiwa ndani ya matatu.

Jibu linakuja kabla hatujafika Donholm: "Asante Injinia. Lakini hizo mbili hatuwezi kuzifungua tukazisugua na brashi?"

Zimeviringishwa na kugundishwa, tabaka juu ya tabaka. Namjibu hapana. Anauliza kama nina uhakika, maana binamu yake husugua.