Kumwambia Mgonjwa "Utapona"

Kwetu Zanzibar kifo hakifichwi. Redio husoma matangazo ya vifo, ikataja jina la marehemu, mtaa aliokuwa akiishi, jamaa zake wa Unguja na wa Pemba, msikiti atakaosaliwa na saa ya maziko, na mara nyingi hujamaliza chai yako ya asubuhi umekwishajua kwamba adhuhuri utakuwa makaburini. Mtoto wa miaka 10 amekwishaona jeneza likipita njiani huku watu wakipokezana kulibeba, amekwishakaa katika khitma, na amekwishafundishwa chuoni kwamba kila nafsi itaonja mauti. Kwa sababu hiyo, kila niliposikia watu wakisema kwamba hadithi za kubuni zinazomsimulia mtu anayekabiliana na kifo chake humwamsha msomaji akaishi vizuri zaidi, nilikuwa nikijiuliza hadithi hizo zingetufunza nini sisi tulioamka nazo habari hizo tangu utotoni.

Nilibadilisha rai yangu mwaka ule ami yangu alipougua Pemba, nami nikawa nasoma, usiku baada ya kutoka kazini, tafsiri ya Kiingereza ya hadithi fupi ya Leo Tolstoy iliyotoka mwaka 1886, inayosimulia kifo cha Ivan Ilyich. Huyu Ivan Ilyich ni hakimu, mtu wa heshima zake, asiye mwovu wala mwema kupita kiasi, ambaye amepata cheo kipya na nyumba mpya na anaipamba mwenyewe kwa furaha. Siku moja anapanda ngazi kumwonesha fundi jinsi anavyotaka mapazia yatundikwe, anateleza, na ubavu wake unagonga kwenye dirisha. Ni jambo dogo, naye analicheka. Kutoka maumivu yale madogo hadithi inakwenda naye hatua kwa hatua, daktari mmoja baada ya mwengine, mpaka anapokufa akiwa na umri wa miaka 45.

Mwandishi hakuanza na maradhi. Ameanza na habari ya kifo ilivyowafikia wenzake kazini, na jambo la kwanza linalopita vichwani mwao ni nani atapandishwa cheo na nani atahamishwa kwa sababu ya nafasi iliyoachwa wazi, na la pili ni ile raha ya siri kwamba aliyekufa ni yeye, si mimi. Niliposoma ukurasa ule niliona haya, kwa sababu nimewahi kusimama makaburini Mwanakwerekwe, udongo ukimiminwa, huku nikiihesabu saa iliyobaki kabla sijarudi ofisini.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jawabu la swali langu. Katika maziko yetu mna kazi nyingi, na kazi hizo ni ibada na ni rehema: maji ya kumwoshea maiti, sanda ya kukatwa, kaburi na mwanandani wake, mikeka ya kutandikwa, masufuria ya kuinjikwa, wageni wa kupokelewa. Mtu anayefanya kazi hizo humsaidia marehemu na humsaidia mfiwa, lakini haingii moyoni mwa aliyekuwa akifa. Yeye amekwishakufa, tumechelewa kumuuliza. Hadithi ya kubuni inatuweka mahali ambapo maziko hayawezi kutuweka, yaani ndani ya kichwa cha mtu aliye hai bado na anayejua, peke yake usiku, hali wewe msomaji huna mkeka wa kutandika wala sufuria ya kuinjika ili ujisahaulishe. Ivan Ilyich anakumbuka ile hoja ya mantiki aliyofundishwa skuli, kwamba Caius ni mtu, watu wote hufa, basi Caius atakufa, na anaona kwamba maisha yake yote aliikubali kuwa ni sahihi kwa Caius tu, si kwake yeye aliyekuwa mtoto mdogo mwenye mama na baba na vitu vyake vya kuchezea. Nasi tunaisikia redio vivyo hivyo. Wanaotajwa ni akina Caius.

Lakini kilichonitia uchungu zaidi si hicho. Ni pale mwandishi anaposema kwamba lililomtesa Ivan Ilyich kuliko maumivu ya mwili ni uongo: watu wote waliomzunguka, mkewe na madaktari na marafiki, walikubaliana kuwa yeye ni mgonjwa tu na kwamba akitulia na akifuata dawa atapona, ilhali wote walijua, na yeye alijua, na walimlazimisha ashiriki katika uongo ule. Mmoja tu hakusema uongo. Alikuwa kijana mtumishi wa kutoka shamba, jina lake Gerasim, aliyekuwa akimsafisha bila ya kinyaa na akikaa usiku kucha ameiweka miguu ya bwana wake juu ya mabega yake kwa sababu kukaa vile kulimpunguzia maumivu. Gerasim alisema waziwazi kwamba sote tutakufa, basi kwa nini asitaabike kidogo kwa ajili ya mwenziwe.

Nilikifunga kitabu nikamfikiria ami. Maradhi yake madaktari walitueleza sisi, hawakumweleza yeye, na sisi watu wa nyumbani tulikaa tukakubaliana asielezwe, kwa huruma. Mara mbili nilikuwa nimekwenda Pemba kumtazama, na mara zote mbili nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia, "Ami, utapona inshaallah, Ramadhani hii tutafuturu pamoja." Mara ya pili hakunijibu, aliugeuza uso wake ukutani. Mimi nilidhani amechoka, nikatoka nje kunywa kahawa.

Sitaki nieleweke vibaya hapa. Kumwombea mgonjwa afya na kumpa matumaini ni katika adabu za dini yetu, na dua si uongo hata kidogo. Ninalolisema ni kwamba neno letu "utapona" lilikuwa limeacha kuwa dua, likawa kifuniko. Tulikuwa tukilitumia ili mgonjwa asiseme alichotaka kusema, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na khofu ya kukisikia.

Nilipanda boti tena wiki ile ile. Safari ya bahari kati ya Unguja na Pemba, tangu ile meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikaondoka na mamia ya watu wetu, si safari ambayo mtu huifanya bila ya kumkumbuka Mungu, na siku ile nilikuwa na mengi ya kufikiri. Nilipofika kijijini, nje ya Wete, sikusema kitu kuhusu kupona. Niliichukua miguu yake iliyovimba nikaiweka mapajani mwangu, nikaikanda kwa mafuta ya nazi, na baada ya muda mrefu nikamuuliza, "Ami, kuna jambo lolote unalotaka kuniambia?"

Alizungumza mpaka ikaadhiniwa laasiri. Alinitajia madeni yake, madogo madogo, kila moja na mwenyewe. Alinieleza mpaka wa shamba la karafuu ulipo hasa, si pale watu wanapodhani. Kisha akaniambia kwamba miaka mingi iliyopita, waliporithi, alimchukulia dada yake mikarafuu mitatu kwa maneno ya ujanja, na dada yake alinyamaza kwa sababu ya heshima, naye kila msimu wa kuchuma alikuwa akiipita miti ile akaangalia upande mwengine. Shangazi aliitwa jioni ile ile. Walikaa wawili, sisi tukatoka. Sijui waliambiana nini wala si haki yangu kujua, ila nilipoingia na taa nilimkuta shangazi amemshika mkono kaka yake na wanazungumza habari za utoto wao, jinsi walivyokuwa wakilala juu ya majamvi ya kuanikia karafuu na kufukuzwa na bibi yao. Ami aliishi siku 11 baada ya hapo. Katika siku hizo alikula kidogo, alicheka, na aliagiza achukuliwe nje kila asubuhi akae chini ya mwembe. Siwezi kusema alipata nafuu, lakini alikuwa hai kuliko alivyokuwa katika miezi miwili tuliyokuwa tukimdanganya.

Baadaye nilitazama filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1952 iitwayo "Ikiru", neno la Kijapani lenye maana ya kuishi, na nikaukuta humo uongo ule ule. Mzee Watanabe, mkuu wa kitengo katika ofisi ya manispaa, amekaa kwenye kiti chake miaka kama 30 akigonga mihuri. Anakwenda hospitali, na katika chumba cha kungojea mgonjwa mwenziwe anamwambia kwamba madaktari wakikwambia una kidonda kidogo tu tumboni na ule upendacho, basi ujue ni saratani. Anaingia ndani, na daktari anamwambia maneno hayo hayo, moja baada ya jengine. Mzee anahangaika, anajaribu anasa za usiku, hazimfai. Halafu anamfuata binti mmoja aliyeacha kazi ofisini kwake akaenda kiwandani kutengeneza sungura wa kuchezea watoto, na binti anamwambia kwamba akitengeneza sungura wale huhisi kama anacheza na kila mtoto wa Japani. Kutoka neno hilo mzee anarudi ofisini, analichukua ombi la akina mama waliokuwa wakizungushwa idara kwa idara kwa ajili ya dimbwi la maji machafu mtaani mwao, na analisimamia mpaka pale pakawa uwanja wa watoto. Anafariki huko huko uwanjani, usiku wa theluji, baada ya kukaa kwenye bembea akiimba.

Mimi ni mtu wa mafaili na mihuri pia, kwa hiyo filamu ile ilinigusa mahali panapouma. Lakini sehemu ninayoiheshimu zaidi ni ile ambayo wengi huisahau: mzee anafariki kabla hadithi haijesha, na muda mrefu uliobaki ni wa matanga yake, ambapo wafanyakazi wenziwe wanakaa, wanakunywa, wanabishana kama kweli uwanja ule ni kazi yake, na mwisho wanalia na kuapa kwamba kuanzia kesho nao watafanya kazi kama yeye. Kesho yake ombi jengine linaletwa mezani, nao wanalisukuma idara nyengine kama kawaida. Mmoja anasimama kwa hasira. Anatazamwa. Anakaa chini.

Kurosawa angeweza kutuachia machozi ya matanga tukaenda zetu tumeridhika. Nashukuru kwamba hakufanya hivyo, kwani nimeapa viapo vya namna ile mara nyingi, katika khitma na baada ya vitabu, na najua vinavyoyeyuka. Ninachoweza kukisema kwa nafsi yangu ni kwamba kiapo cha kubadilisha maisha yangu yote hakijawahi kudumu nami wiki mbili, ila jambo moja dogo lenye mwenyewe anayelingoja limedumu. Gerasim hakuapa chochote, aliibeba miguu. Mzee Watanabe alipata dimbwi moja. Mimi nina utaratibu wangu, tangu ami alipofariki, wa kuchukua kila Alkhamisi faili moja lililokaa kwa muda mrefu na kulipeleka kwa miguu yangu mpaka mwenyewe apate jawabu, liwe la ndiyo au la siyo, na sijauacha.

Sisi Waswahili tunao ushahidi wetu wa zamani katika jambo hili, ingawa si hadithi ya kubuni. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alianza kwa kumwambia kwamba maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, na kwamba hajapata kumwambia neno jema, basi asogee akae na wino na karatasi kwa kuwa moyoni ana maneno ya kumwambia. Nilikuwa nikiusoma utendi ule skuli kama mafunzo ya tabia za mke. Sasa naona kwanza chumba cha mgonjwa: mama anayejua, na binti ambaye hakumjibu "utapona" ili amnyamazishe. Ivan Ilyich hakupata wa namna hiyo ila mtumishi, na mwishoni kabisa mwanawe mdogo aliyeubusu mkono wake akalia.

Mwezi uliopita mama yangu aliniuliza ni kitabu gani hicho ninachokirudia kila mara. Kwa kuwa hasomi Kiingereza, nilianza kumsimulia kwa Kiswahili barazani baada ya magharibi, kurasa chache kila usiku, naye alisikiliza kwa makini, akimwonea huruma sana mke wa hakimu ambaye mimi sikuwahi kumwonea huruma. Tulipofika pale pa uongo aliniambia, "Simama hapo, mwanangu." Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba sanda yake iko ndani ya kasha, chini ya kanga mpya, pamoja na udi na pesa za mchimba kaburi, na kwamba nisiruhusu watu wakope ili kupika siku hiyo. Baadaye akasema kuna mwanamke mmoja Chake Chake, walisoma chuo kimoja, hawajaonana miaka 20 na zaidi, na angependa amwone angali na miguu ya kumfikisha.

Tiketi nimezikata. Tunaondoka Jumamosi kwa boti ya asubuhi.