Nyumba ya kupanga, mtoto anayetambaa: nilipofikia mpaka sasa

Tunaishi Tanga mjini, kwenye nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua ambako wapangaji wote tunapikia na kufulia. Binti yangu wa mwisho anatambaa na ameshaanza kusimama dede. Mtoto wa umri huu hakatazwi akakatazika. Ukimwambia acha, anakuangalia, anacheka, anaendelea. Kwa hiyo nimeamua kuibadilisha nyumba kabla hajaanza kutembea, na ninaandika hapa kila ninachomaliza.

Machi, uani

Nilipiga magoti nikauzunguka ua kwa kimo chake. Nyuma ya mlango kulikuwa na chupa ya soda yenye mafuta ya taa ya kuwashia mkaa, imezibwa kwa kipande cha mfuko. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko vyote, maana mtoto akiona chupa ya soda anajua ni ya kunywa. Mafuta ya taa huharibu mapafu, na mtoto akitapika yanaweza kuingia huko kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana aliyeyanywa hatapishwi, wala hapewi maziwa ili atapike. Anakimbizwa hospitali pamoja na chupa yenyewe. Sasa mafuta yako kwenye kidumu chenye kifuniko cha kuzungusha, kimeandikwa kwa rangi nyekundu, kwenye rafu ya juu. Jirani yetu hutengeneza sabuni ya maji na magadi yake makali yalikuwa ndooni chini ya kibaraza. Nilipomweleza, yeye mwenyewe alitafuta sanduku la mbao akalitia kufuli, na dawa za vidonge za nyumba nzima zimehamia humo pia, kwenye rafu yake peke yake.

Jiko la mkaa limepanda. Fundi mwashi ametujengea meza ya matofali inayofika kiunoni, ina ukingo mbele ili jiko lisiteleze ugali unaposongwa. Sufuria zetu hazina mikono, mtu anainua kwa vitambaa viwili, hivyo njia kutoka jikoni mpaka ukumbini tumekubaliana mtoto asiwepo kabisa.

Ilikuwa Ramadhani, na futari tunakula mkekani. Uji wa moto, chupa ya chai, vyote vinakaa sawa na mkono wake. Nimeweka kimeza kifupi pembeni ya ukuta: cha moto kinakaa huko na mtu mzima mmoja ndiye anayemimina. Mama mkwe aliuliza kama nina dawa ya meno ya kupaka mtoto akiungua. Nikamwambia, "Mama, kwanza ni maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno inaganda kwenye kidonda na nesi atalazimika kuitoa." Akasema, "Haya mwanangu, basi jagi liwe karibu." Jagi liko karibu.

Aprili, maji na mvua

Ndoo ya kufulia ni hatari kubwa kuliko inavyoonekana. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake. Akiinama ndani ya ndoo hawezi kujiinua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha bila kelele. Kanuni ya ua ni moja: ukimaliza kufua, mwaga, ndoo ipinduliwe. Pipa la maji ya mvua lina mfuniko wa mbao na wavu chini yake, kwa sababu mbu wa homa ya dengi, waliotusumbua hapa Tanga na Dar es Salaam mwaka 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani na huuma mchana.

Wa malaria huja usiku, na wengi hupita kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Kule Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa moja, vyumba vya kulala juu, kuta za wavu unaopitisha upepo, ili kupima kama watoto wataugua kidogo malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa. Mimi siwezi kujenga, lakini wavu ninaweza. Seremala alitengeneza fremu za madirisha za mbao nyembamba, wavu ukavutwa ukabanwa kwa vipande vya mbao na misumari midogo, kisha fremu ikakaa ndani ya nondo. Nilichagua wavu wa plastiki kwa sababu waya wa chuma huku pwani huliwa na chumvi. Juu ya ukuta nako tumeweka wavu. Tungeziba kwa udongo tungepikwa na joto. Chandarua bado tunalalia.

Mvua ilipozidi, wengine walitaka kuingiza majiko ukumbini. Hapo nilisimama kidete. Mkaa unaowaka hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu inayomfisha mtu usingizini, na mtoto huathirika mapema. Tulichanga tukanunua mabati mawili, tukarefusha paa la jikoni.

Mei, mlango

Kando ya choo kuna kibuyu chirizi cha kidumu na kamba, cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni inaning'inia. Wakubwa wanakitumia bila kukumbushwa.

Kilichobaki ni mlango wa chumba chetu. Rangi yake ni ya miaka mingi, inabanduka, na binti yangu ameshaanza kutafuna ukingo. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Kwa sasa nimebandika plastiki ngumu sehemu anayoifikia. Kuikwangua kavu kungejaza vumbi chumba kizima, hivyo fundi ataikwangua ikiwa imeloweshwa, mlango ukiwa umetolewa nje, na makapi yatakusanywa mfukoni. Baba mwenye nyumba amekubali gharama ikatwe kwenye kodi. Siku hiyo mimi na watoto tutashinda kwa mama mkwe.