Kibali cha kuni: mita nne za ujazo, lebo nne

Siku ya kwanza nilirudishwa getini. Gari tupu, msumeno nyuma, mafuta nimejaza, na kibali ninacho mkononi. Askari wa misitu alikisoma, akakigeuza akasoma na nyuma, kisha akaweka kidole juu ya neno moja: kuokota.

"Ndugu, hiki ni cha kuokota. Huo msumeno unakwenda kuokota nini?"

Sikuwa na la kujibu. Nilipokwenda ofisi ya misitu nilisema tu kwamba nataka kuni. Karani aliuliza kama ni za nyumbani au za kuuza, nikasema za nyumbani, akaniandikia kibali kilichokuwa rahisi kuliko vyote. Hakuuliza nitazipataje, nami sikujua kuwa kuna tofauti. Kumbe kuokota ni kuchukua matawi na magogo yaliyokwisha kulala chini. Kuangusha mti uliokufa ukiwa bado umesimama ni ruhusa nyingine kabisa, yenye eneo lake kwenye ramani na ujazo wake, na kwa msitu ule ndiyo pekee inayopitisha msumeno wa mnyororo getini. Asubuhi yangu ikaishia hapo.

Kibali cha pili nilikisoma chote nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi, kabla ya kutia sahihi. Nawashauri wenzangu mfanye hivyo hivyo, hata kama foleni nyuma yenu inaguna. Kilisema mita 4 za ujazo, lebo 4 za kufunga kwenye mizigo, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kisiki kisizidi sentimita 30 kutoka ardhini. Usikate karibu na mto wala chemchemi. Kuni haziuzwi. Na mti wenye tundu usiguswe, hata ukiwa mkavu kama mfupa. Hilo la tundu nililiona la ajabu, nikauliza. Afisa misitu akanieleza kwamba kigogota hutoboa, akihama huingia bundi mdogo, au popo, au nyuki. Mti ule umekufa kwetu tu.

Kazi ngumu ilikuwa kujua mti upi umekufa kweli. Mimi nilidhani ni jambo la macho: hauna majani, basi umekufa. Ndani ya eneo langu niliuona mmoja mnene, mweupe, hauna jani hata moja, nikaanza kuuzunguka nikipiga hesabu za safari. Bahati nzuri yule afisa alikuwa amenionya nikwangue kwanza. Nilitoa kisu nikakwangua gamba la shina, na chini yake nikakuta ngozi ya kijani, bichi, yenye unyevu. Mti mzima! Ulikuwa umepukutisha majani tu.

Ipo miti mingi ya namna hiyo. Mbuyu hukaa bila majani sehemu kubwa ya kiangazi. Mkababu hufanya kinyume: mvua zikianza, wenzake wakichipua, wenyewe unapukutisha, halafu kiangazi unasimama kijani peke yake. Hata kwenye nchi za baridi kuna mti wa jamii ya msonobari uitwao larch, ambao sindano zake hugeuka njano na kuanguka zote kila mwaka. Anayeuona mara ya kwanza wakati huo ataapa kwamba umekufa.

Kwa hiyo nikwangueni, na msikwangue tawi peke yake, maana tawi laweza kufa shina likabaki hai. Mimi hukwangua shina pande mbili tatu, chini na usawa wa kifua. Ndani kukiwa kahawia na kukavu pande zote, gamba linabanduka lenyewe, na ukigonga kwa kisogo cha shoka unasikia mlio mkavu usio na uzito, huo umekufa. Baada ya hapo tazama juu kabla hujawasha msumeno. Matawi makavu yaliyoning'inia hutikiswa na msumeno na kuanguka juu ya mkataji, na hiyo ni hatari kubwa.

Sasa vipimo. Mita moja ya ujazo kwenye kibali changu ni ya kuni zilizopangwa: urefu mita moja, upana mita moja, kimo mita moja. Katika mrundo kama huo, karibu theluthi ni hewa iliyo katikati ya kuni. Wamarekani wana kipimo chao, kordi, futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128 au karibu mita 3.6, na chenyewe pia hupima mrundo pamoja na hewa yake. Nyumbani nilikuwa nimepima bodi ya gari langu: urefu mita 2, upana 1.5, kina 0.4. Ukizidisha unapata mita 1.2 kwa safari moja, zikipangwa vizuri hadi ukingoni. Ukizitupa ovyo, bodi inajaa mapema na umebeba hewa.

Safari tatu ni mita 3.6. Mita 4 zilihitaji safari ya nne kwa ajili ya 0.4 tu. Ningepiga hesabu hiyo kabla ya kulipia, ningeomba kiasi kingine.

Kuhusu moto sina mengi. Koleo, dumu la maji, na kichujio cha cheche kwenye ekzosi ya msumeno, vyote vilikaguliwa getini. Siku za upepo na ukame ofisi husimamisha misumeno, kwa hiyo nilikuwa napiga simu kila asubuhi kabla ya kuondoka. Mara moja waliniambia nisije.

Lebo ndiyo huwaponza watu. Kila mzigo una lebo yake, hutobolewa penye tarehe ya siku hiyo na kufungwa mahali panapoonekana kwa nyuma, na hayo hufanyika msituni, kabla gari halijaondoka. Niliyemtangulia barabarani siku ya pili alikuwa nayo mfukoni, safi, haijatobolewa. Alimwambia askari, "Afande, nilikuwa nataka kuijaza hapa." Afande hakumsikiliza, akamwamuru ashushe kuni zote. Nadhani ni haki, ingawa nilimhurumia. Lebo isiyotobolewa inaweza kubeba mizigo kumi.

Shemeji yangu aliposikia nina kuni aliomba mzigo mmoja nimpelekee kwake, mbali, nje kabisa ya eneo letu. Nilikataa, akanuna. Nilimweleza habari ya mbawakawa mdogo wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002. Mabuu yake hula chini ya gamba la miti iitwayo ash, na mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo imekufa. Kwa mbawa zake mwenyewe haendi mbali sana. Watu walimbeba ndani ya kuni bila kumwona. Shemeji akasema kuni zangu hazina mdudu. Nikamuuliza amejuaje.

Nilizipasua zote wiki ile ile, nikazipanga juu ya magogo mawili ili zisiguse udongo, nikafunika juu tu na kuacha ubavu wazi upepo upite. Nasubiri unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Kwa miti iliyokufa zamani hazitachelewa.

Ile safari ya nne sikuifanya. Kibali kilikuwa kinaisha kesho yake, na mafuta ya kwenda na kurudi hayakulingana na kuni za mita 0.4. Nilirudisha lebo ofisini ikiwa haijatobolewa, karani akaikata vipande viwili mbele yangu na kuandika kwenye daftari: 3.6.