Bibi aliimba, klipu ikatoka mstari mtupu

Hii ilikuwa 2016, Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, chumba kimoja uani, magodoro ya zamani tumeyagongelea ukutani na laptopu yangu ya skrini ndogo. Nilikuwa natumia FL Studio 12, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, na siku hizo niliamini kabisa prodyuza ni masikio, mambo ya kupanga madirisha na kuandika majina niliona ni ya watu wenye muda.

Jumamosi moja akaja bibi mmoja wa mtaani na wajukuu zake wawili. Mmoja anaolewa wiki inayofuata, na bibi ana wimbo aliowaimbia mabinti zake wote siku ya kuagwa, safari hii akataka urekodiwe kabisa wabaki nao. Nikamwamkia, nikamkalisha, nikazima feni maana maiki ilikuwa inaidaka, nikamvalisha hedifoni juu ya mtandio.

Sasa njoo kwenye skrini yangu. Miksa imelala juu ya Pleilisti, lile dirisha la kupangia vipande vya wimbo, juu ya miksa kuna dirisha la riverb, yaani mwangwi, pembeni piano roli, ya kuandikia noti, imefunguka nusu, chaneli zote za ala zina majina yaleyale zilizokuja nayo, Kick, Kick 2, Kick 2 tena. Na miksa ya FL 12 ina inseti chungu nzima, yaani njia za kupitishia sauti, zangu zote kijivu, jina namba tu. Maiki nilikuwa nimeiweka inseti ya 14, dirisha la riverb likawa limeziba namba, nikawasha kitufe cha kurekodi cha inseti ya 15.

Bibi akaimba. Beti la pili sauti ilimkatika kidogo, akavuta pumzi akaishika tena palepale ilipokatikia, yule binti anayeolewa akaanza kujifuta machozi na ncha ya kanga. Mimi namsikia vizuri tu kwenye hedifoni, kwa sababu sauti ilikuwa inapita ya 14, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Nikabonyeza stopu, nikasogeza riverb, nikasogeza miksa, ndo nikaiona klipu, kile kipande kilichorekodiwa, kwenye Pleilisti, mstari umenyooka mwanzo mpaka mwisho, hakuna hata kilima kimoja cha sauti.

Nilinyamaza muda mrefu. Halafu nikamwambia, bibi samahani sana, sauti haikuingia. Akavua hedifoni taratibu. "Basi tutaimba tena mjukuu wangu, ila washeni feni kwanza nipumue."

Pale ndo akaingia kaka mmoja tuliyekuwa tunachangia naye kodi ya chumba, alinitangulia miaka mingi kwenye hii kazi. Akaangalia skrini, akasema dogo usirekodi tena humu, nipishe. Akabonyeza F12 madirisha yote yakafungwa, skrini ikabaki tupu, kwa kweli sikuwahi kuiona tupu namna ile. Akafungua Pleilisti kwa F5 akaivuta ikae nusu ya juu, F9 miksa ikakaa nusu ya chini, Chaneli Raki, yenye orodha ya ala zote, akaiita kwa F6 akahakikisha kila ngoma inaenda inseti gani, kisha F6 tena ikaondoka. Ile ya 14 akaibonyeza F2, akaandika BIBI, akaipaka nyekundu. Ngoma akazipa kahawia, kinanda bluu. Haikuzidi dakika kumi, na muda wote huo hakugusa sauti hata moja. Akaniuliza, bibi yuko wapi hapo? Nikaonyesha kwa kidole bila kutafuta. Akasema haya, zima feni.

Bibi akaimba tena, klipu ikadondoka imejaa vilima. Wimbo ukapigwa kwenye sherehe, watu wakalia, familia ikashukuru sana. Lakini mimi niliyesikia mara ya kwanza najua sauti ilishachoka, na lile beti la pili, pale pa kukatika na kurudi, halikurudi tena. Lile lilipita kwenye masikio yangu likaishia hapo na mpaka leo linaniuma.

Ule mpangilio tuliusevu kama projekti tupu, na kila kazi naanzia humo, hata akija mtoto wa singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Inseti ya 14 ni nyekundu, imeandikwa BIBI, jina la msanii naliandika baadaye.