Usimwage Udongo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Juma hili neno moja limenikalia moyoni, nami nimelipata kwenye kopo la udongo chini ya meza yangu ya jikoni.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakata marando ya viazi vitamu shambani, hapa Busia, kitindamimba wangu akaokota kiwavi. Mnawajua hawa: wa kijani, wanene kama kidole, wenye pembe mkiani. Pembe ile haichomi, ingawa watoto wengi huikimbia. Mimi huwaponda kwa jembe, maana wakizidi huacha mashina matupu, na kila nikiwaona nakumbuka madumadu, wale wadudu wala mazao wa nabii Yoeli. Mtoto akalia, nikamwachia. Akamtia kwenye kopo la udongo, akawa anamletea majani ya viazi asubuhi na jioni. Usiku kukitulia nilimsikia akitafuna.

Siku moja akaacha kula. Akazunguka kopo zima bila kutulia, kisha akajichimbia udongoni, akatoweka. Zikapita siku 9. Nilihitaji kopo langu. Nikasema huyu amekufa, nikalibeba hadi mlangoni nimwage.

Mtoto akanishika gauni: "Mama, ngoja kwanza." Nikachokoa kwa kijiko. Nikaona kitu cha kahawia, kigumu, chenye kimkono kilichopinda kama mpini wa jagi. Hakina miguu, hakina mdomo. Nikakigusa. Mkia ukajizungusha.

Nilikaa chini palepale. Ndani ya ganda lile sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huyeyuka na kujengwa upya kuwa nondo. Ukilipasua siku hizo hukuti kiwavi, wala nondo hujamkuta. Machoni pangu kilikuwa uchafu wa kumwaga. Na Jumapili ya juma lilelile, baada ya ibada, tulikuwa tumekaa na orodha ya kwaya, tukafuta jina la kijana wetu aliyekuwa akipiga ngoma. Miezi mitatu haji, simu hapokei. Mimi ndiye niliyesema, "Huyo amerudi duniani." Nilisema kwa kinywa hiki hiki ninachowaombea nacho.

Tunafanya nini, watu wa Mungu? Mtu akiimba tunampenda, akinyamaza tunammwaga! Nani alimfuata? Nani anajua kama ana ugonjwa, kama ana deni, kama amefiwa? Katika mfano wa Yesu, mtunza shamba alipoambiwa aukate mtini usiozaa alijibu, "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Hakuomba uachwe tu. Alishika jembe. Sisi tumeshika kalamu ya kufutia majina.

Tena mimi nisingethubutu kumfuta mtu. Mume wangu alipofariki, karibu miaka miwili nilikuwa nakuja kanisani kama gogo, na majuma mengine siji kabisa. Nikipiga magoti, neno halitoki. Kuna mama mmoja, sasa amelala katika Bwana, alikuja kwangu kila Alhamisi. Hakunihubiria. Alivuta ungo, tukachambua maharage, akauliza kama watoto wamekula, akaenda zake. Alhamisi nyingine huyo tena. Wengine walishasema yangu yamekwisha, na kwa kweli hata mimi niliamini hivyo. Siku niliyoimba tena nilikuwa namenya viazi, na yeye alikuwa kando yangu, wala hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya.

Lile ganda nililirudisha juu ya udongo wenye unyevu, nikafunika kopo kwa kitambaa. Siku ya 20, jua likizama, tulimkuta nondo amening'inia kwenye kitambaa: mbawa za kijivu, mwilini mistari ya waridi na myeusi kama kitenge. Akatetemesha mbawa muda mrefu, akiupasha mwili joto, kisha akaruka kuelekea mpapai. Maua ya mpapai huchavushwa na nondo wa jamii hii hii ninayoiponda kwa jembe. Mtoto alipiga vigelegele. Mimi nililia.

Jumamosi saa tisa nakwenda kwa yule kijana. Viazi nimeshachimba. Jina lake nimeomba lirudishwe, lakini siendi kumwambia hilo, wala siendi na Biblia mkononi. Atakayenisindikiza anikute chini ya mwembe wa kanisa. Wawili wanatosha, tusimjae mlangoni.