Viti vitatu na mteja mmoja: siku yangu ya kazi Nakuru

Saa moja na nusu asubuhi

Ofisi yangu iko juu ya duka la vipuri, nyuma kidogo ya Kenyatta Avenue. Kabla hata sijatua begi napanga viti. Viko vitatu, na kwa kuwa nahudumia mtu mmoja mmoja, wageni hudhani kuna mwingine anayesubiriwa. Kimoja kinautazama mlango, kimoja kimeegemea ukuta, kingine kiko dirishani. Mteja huchagua chake, nami hukaa panapobaki. Aliyewahi kuvamiwa usiku hawezi kutulia akiwa ameupa mlango mgongo, hata umwapie kwamba hapa ni salama. Mimi siapi, namwachia achague kiti.

Mimi ni mshauri nasaha, na wengi wanaopanda ngazi hizi wana kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya mkasa, ingawa hakuna anayekuja akilitaja neno hilo. Huja na mgongo, vidonda vya tumbo, presha, usingizi uliopotea. Huniita daktari, nami nimechoka kuwasahihisha.

Saa tatu

Dereva wa trela. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Aliponea ajalini kwenye barabara ya Eldoret, na mtu wa Nakuru hahitaji kuchorewa ramani: kuna Salgaa, kuna Migaa ambako watu 36 walikufa tarehe 31 Desemba 2017, na kule mbele, barabara ya Kericho, kuna Londiani, ambako Juni 2023 lori liliwavamia wachuuzi na wasafiri, wakafa zaidi ya 50.

Aliletwa na mgongo. Eksirei ilikuwa safi, hospitalini akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani akijiona mwongo mbele ya mkewe.

Leo tulikuwa tunaongea habari za karo tu. Chini barabarani lori likaachia breki za hewa, ule mlio wake mkali. Mabega yakampanda hadi masikioni, macho yakaenda mlangoni, sentensi ikakatikia hapo. Sikumwuliza amekumbuka nini.

"Mzee, miguu iko wapi?"

"Iko chini."

"Sukuma sakafu nayo kidogo. Sasa toa pumzi polepole, kama unapoza chai."

Alipuliza mara kadhaa. Vidole vikaachia mkono wa kiti, kimoja kimoja. Ndipo nikamweleza kinachotendeka. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kiitwacho amigdala, ambacho hupiga kengele ya hatari kabla ile sehemu ya kufikiri haijapata habari. Adrenalini inamwagika, kisha kotisoli, ambazo ni homoni za hatari na msongo, misuli inakaza ili mtu apigane au akimbie. Kengele hiyo ikilia kila siku, misuli hubaki imekaza, na maumivu yake ni ya kweli kabisa, hata kama eksirei haiyaoni. Pumzi ndefu ya kutoka huigusa neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, nayo hupunguza mbio za moyo.

"Kwa hivyo sijifanyi?"

"Hujifanyi, mzee."

Akaomba dirisha lifungwe. Baadaye akalifungua nusu mwenyewe, bila kusema lolote.

Habari ya ajali yenyewe hajanisimulia. Mkewe ameshanipigia akitaka kujua kama "ameshatoa yote". Hapa huwa nakuwa mkali. Kuna imani kwamba mtu akisema kila kitu siku ya kwanza, akalia, basi amepona. Judith Herman, daktari wa Marekani aliyeandika juu ya haya mwaka 1992, aliweka usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu. Shirika la Afya Duniani nalo limeshauri tusimketishe mtu aliyetoka mkasani juzi na kumtaka aeleze mwanzo hadi mwisho. Bado naona kwenye matanga watu wakimzunguka mjane: "Hebu tuambie ilikuwaje." Mwacheni kwanza anywe uji.

Saa saba

Chapati na madondo kibandani. Kwenye nguzo ya stima kuna tangazo la mtu anayetibu mwili, roho na akili kwa mkupuo mmoja, pamoja na kurudisha mpenzi. Mimi pia nadai kumhudumia mtu akiwa mzima, mwili na moyo pamoja, ila kwangu maana yake ni kazi ya kuchosha ya kumtuma kwingine. Moyo unaokwenda mbio na jasho la usiku vinaweza kuwa kiwewe, vinaweza pia kuwa thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwa hiyo apimwe kwanza. Anayemeza dawa za daktari wa akili aendelee nazo. Tena tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo usione haya kumwuliza mshauri amesajiliwa wapi.

Saa nane

Shosho anaingia na kiondo ambacho hajakimaliza. Anaongea akisuka, na nimemwachia. Mikono yake ikipata mwendo, hata sauti hutulia. Mapema 2008 alikimbia Molo, akalala uwanja wa maonyesho hapa Nakuru na wajukuu chini ya turubai. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Yeye humtaja mmoja tu.

Magari ya wanasiasa yameanza kupita na vipaza sauti. "Mwanangu, ile sauti inaanzia hapa," akashika kisogo, "inashuka mpaka tumboni. Sili."

Kisha akaacha kusuka. "Na Agosti 2027, uchaguzi ukija, niende wapi?"

Swali hilo halijibiwi kwa mazoezi ya pumzi. Kumwambia mtu mwenye sababu ya kuogopa kwamba hofu iko kichwani mwake tu ni kumtusi. Tulichukua karatasi: kitambulisho na hati ya shamba zikae kwa nani, simu ya jirani gani wa kabila lingine anayemwamini, gari la nani, nyumba ya nani Njoro. Akataja jirani mmoja haraka, wa pili akamfikiria sana, akamkataa. Karatasi akaikunja akaitia kiondoni. Pumzi tulifanya mwishoni, kwa dakika chache, naye akacheka kwamba kanisani huimba ubeti mzima bila kuvuta hewa.

Saa kumi

Mama mmoja kwenye simu: mwanawe amejaribu kujiua. Swali lake la kwanza lilikuwa la polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jambo hilo kuwa kosa, kinakiuka katiba. Nikamwambia ampeleke hospitali sasa hivi, asimwache peke yake, na usiku akizidiwa apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Nikakaa naye kwenye laini mpaka walipopanda teksi.

Mteja wa saa kumi na nusu alikuja. Juu yake sitaandika chochote.

Saa kumi na mbili jioni

Nampigia dada mmoja wa Kisumu, mkubwa wangu katika kazi hii, anayenisikiliza kama ninavyosikiliza wengine. Huanza na mwili: "Taya likoje?" Limekaza. Bega la kushoto pia.

Juu ya dereva tunabishana. Anaona nachelewesha mno. Hofu ya gari haiishi mtu akiwa kitini ofisini. Yeye angemweka kwenye trela iliyoegeshwa, injini imezimwa, wiki hii. Nikasema bado. Akanikumbusha dirisha: nani alilifungua?

Hapo sikuwa na jibu. Tumekubaliana nimwulize Jumanne kama yuko tayari kukaa kwenye trela yadini, dakika tano, akitaka kushuka ashuke.

"Na ufunguo utakuwa kwa nani?" akauliza.

"Kwake."

"Basi mwulize."